Mshairi Tuliyemwitikia Amin

Mimi nina duka la stesheni pale Chikongola, Mtwara. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nauza kalamu na bahasha. Wanaokuja kwangu ni watu wenye shida na karatasi: huyu kapoteza cheti cha kuzaliwa, yule anataka hati ya kiwanja itolewe kopi kabla ndugu zake hawajaamka. Kwa miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyekuwa akija dukani kwangu na karatasi zake mkononi, akakaa nazo, akaondoka nazo, na akakataa katakata zisiguswe na mashine yangu. Huyo ndiye ninayetaka kumsema, na mnivumilie, maana nikimsema napandwa na hasira, na hasira yenyewe sina wa kumpelekea.

Tulimwita Mshairi. Mwanzoni watu walimwita Mwarabu wa Gesi, kwa sababu aliletwa na wakandarasi fulani wa gesi kusimamia jiko la wafanyakazi kule Msimbati, enzi zile mji wetu ulipojaa wageni na kila mwenye chumba akapandisha kodi. Kandarasi ikaisha. Wageni wakaondoka na magari yao, vyumba vikabaki wazi, yeye akahamia Ufukoni kwenye chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, akakaa. Ukimuuliza kazi yako nini, hasemi mpishi. Anasema, "Mshairi," huku kanyoosha mgongo. Watu walicheka, lakini jina likamkaa.

Kwao Lebanoni. Huko alikuwa mtu, tena mtu mkubwa, na mimi sikuamini mpaka siku nilipoliandika jina lake kwenye simu. Ikatokea picha ya kijana mwenye nywele nyingi amesimama mbele ya kipaza sauti, na ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaitazama sana.

"Huyo marehemu," akasema. "Nilimjua."

Kwa vipande vipande nikaja kuyaunganisha. Alitoa vitabu, vikasomwa. Gazeti moja lilimpa ukurasa mzima wa mashairi kila wiki, kisha gazeti likafungwa, na hakuna aliyelia. Vijana wakaja na mashairi ya namna nyingine, wakamwita mzee angali ana meno yote. Ushairi ukashindwa kumlisha, akaenda kupika kwenye mahoteli ya Ghuba, na kutoka huko akaletwa kwetu. Halafu benki za kwao zikawafungia watu milango, bandari ya mji wao ikalipuka, na nyumba aliyokuwa akisema atarudi kuizeekea ikawa kuta bila madirisha. "Mshairi hafukuzwi kazi," aliwahi kuniambia. "Anasahauliwa tu, na mshahara wa mwisho hapewi." Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao wakamsahau, akaja kucheza kwetu.

Alikuwa na binti mmoja tu, yuko Kanada, amekulia huko kwa mama yake. Walikuwa wakizungumza kwa Kifaransa, kila Jumapili, yeye akiwa ameshikilia simu mbali na sikio kana kwamba itamng'ata. Nilimuuliza mbona hamzungumzi kwa lugha yenu. Akasema binti anajua kuagiza chakula kwa Kiarabu, na kutukana. "Basi ana vya kutosha," nikamwambia. Hakucheka. Siku hiyo nilijua nimegusa kidonda.

Kiswahili alikiokota jikoni Msimbati, kwa wapishi wa Kimakonde, kwa hiyo alikuwa akisema kwa lafudhi ya kule Newala huku uso ni wa Uarabuni, na wateja wangu walikuwa wanakufa kwa kicheko. Alipenda benchi langu. Alikuwa anakaa na ming'oko yake, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye karatasi, anamenya moja moja, anasikiliza wateja. Kila akisikia neno analolijua, ananyanyua kidole. "Kitabu! Letu. Sabuni! Letu. Wakati! Letu."

Siku moja nikamchoka. "Mzee, mbona unatudai hivyo mbele za watu?"

"Mmetuibia."

"Hatukuiba. Mlikuwa mnayaangusha njiani, sisi tukaokota."

Alicheka mpaka akapaliwa na ming'oko, nikamgongagonga mgongoni. Alipotulia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ndiyo adhabu aliyopewa: kukaa mahali anapoyasikia maneno yake kutwa nzima, na asipate hata mtu mmoja wa kumwelewa akiyapanga.

Nami nikaja kuona kwamba hakuwa anatania. Angalieni yaliyompata msibani.

Jirani yetu alifiwa na mwanawe, kijana, pikipiki. Watu wa mtaani wakasema, tunaye Mwarabu hapa, asimame asome chochote. Mshairi akasema hajui kusoma dua. Wakadhani ni unyenyekevu. Mama wa marehemu mwenyewe akamshika mkono. Sasa mtu atafanya nini mama akimshika mkono namna ile? Akasimama. Akasoma shairi lake mwenyewe, la mwoka mikate. Alilisoma vizuri, sauti yake ilikuwa nzito, inatoka chini kabisa ya tumbo. Kila alipovuta pumzi, msiba mzima ukaitikia, "Amin." Kila mstari, amin. Wanaume amin, wanawake huku ndani amin, na mama wa marehemu analia kwa namna nyingine, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake alikuja dukani bila hata salamu. "Shairi la mkate! Nimesoma shairi la mkate, wakasema amin!"

"Mama amefarijika, Mzee."

"Amefarijika na nini? Hajui nimesema nini!"

"Wewe ukienda kwa daktari unajua anaandika nini?"

Akanipigia meza. Si dua, akasema, ni shairi, shairi linataka mtu aulize, abishe, asonye, hata aondoke. Akasema amin ni mlango unaofungwa usoni mwake kwa heshima. Nami nilicheka, nakwambieni ukweli, nilicheka mpaka machozi. Lakini msiba uliofuata nikamwona yuko pale, kapiga pasi shati, kakaa mbele, anasubiri kuitwa. Ndivyo alivyokuwa. Alilalamika juu ya amin zetu kila siku na akazifuata kila zilipo.

Halafu ikaja ya kombe. Kwa asiyejua, kombe ni maneno ya Kitabu yanayoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Mwanamke mmoja alimletea Mshairi sahani na mtoto anayeungua homa. Mshairi akamwambia apeleke mtoto hospitali. Mwanamke akasema ametoka huko, dawa amepewa, sasa anataka na hiki. Akakaa kizingitini, haondoki. Mwisho Mshairi akaichukua ile sahani, akaandika. Mtoto akapona, kwa dawa au kwa Mungu, mimi simo.

"Uliandika nini?" nikamuuliza.

"Mistari yangu. Ningeandika nini kingine?" Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Kwetu waliyasoma wakayasahau. Hapa wameyanywa."

Na jamani, mtu mwenyewe alikuwa Mkristo! Hilo ndilo jambo lililowashinda watu wa Ufukoni. Ramadhani nzima walikuwa wanampelekea futari, naye anakula bila kubakiza. Kisha Pasaka moja akaonekana anatoka kanisani na mshumaa, kavaa lile shati lake. Mtaa ukazizima. Mwarabu Mkristo? Wapi na wapi! Wengine walikasirika kwa ajili ya zile futari. Mama mwenye nyumba wake, yule mjane, ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa wa ukoo wa watu waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, mcha Mungu sana, Kiswahili chake kina Kimakonde ndani kama chumvi. "Nnungu wangu, mwacheni," alisema. "Dini ni yake. Lugha ni ya Mtume." Na hapo kwenye lugha ndipo palipokuwa na msiba wetu wote, ila hatukuuona.

Maana sisi tumelelewa hivi. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu haikanyagwi. Haifungiwi karanga, haitupwi jalalani. Ukiiona chini unaiokota, unaibusu, unaichomeka juu kwenye ukuta, kwa sababu hujui, labda jina la Mola limo. Hata asiyeswali anafanya. Mara moja upepo wa kusi ulimpeperushia Mshairi karatasi kutoka kwenye benchi langu, ikaenda katikati ya barabara. Bodaboda akafunga breki, abiria nusura aanguke. Kijana akashuka, akaiokota, akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso, akamrudishia Mshairi kwa mikono miwili. Mshairi akabaki ameishika, kinywa wazi.

"Beirut," akaniambia, "hakuna mtu aliyewahi kubusu karatasi yangu. Hata mke wangu."

Alifurahi siku hiyo. Nami furaha ile siipendi kuikumbuka.

Sasa niwaambie juu ya hizo karatasi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa maisha yake yote yaliyobaki. Tangu afike Mtwara alikuwa anaandika kitabu cha mwisho. Rafiki yake wa zamani, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu huko kwao, alimwambia kikikamilika nitakichapa, hata nikiuza gari. Kitabu kilituhusu sisi! Ilimo Msimbati na ule moto wa gesi unaoonekana kutoka baharini huku mama mwenye nyumba wake anapikia kuni. Yalimo mabibo yanavyonuka yakioza chini ya mikorosho, na mdomo wa Ruvuma, maji ya kahawia yanavyokataa kuchanganyika na ya buluu. Hata mimi nilikuwamo. "Umenisema nini?" nikimuuliza, anasema, "Utasikia kitabu kikitoka." Hakuwa na nakala. Aliandika kwa mkono, kwenye karatasi moja moja, akaziweka kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda. Kila mara alibadilisha mpangilio, hili liwe mbele, hapana, liwe nyuma, na mwaka ukapita, na mwingine.

Nilimsihi, Mungu ndiye shahidi yangu. "Mzee, niletee boksi. Nitayapiga picha yote kwa muda wa chai kuchemka, bure, yakae kwenye mashine na kwa binti yako."

"Kopi ni ya vitu vilivyokufa. Cheti cha kifo, kopi. Hati ya kiwanja, kopi."

"Na nyumba ikiungua?"

"Basi yataungua pamoja na mwenyewe."

Alikuwa na sababu. Ujanani aliwahi kumpa mhariri shairi ambalo halijaiva, likachapwa hivyo hivyo, na mpaka leo, alisema, watu wakimkumbuka wanalikumbuka hilo bovu. Akaapa karatasi haitatoka tena mikononi mwake mpaka kitabu kizima kiwe tayari. Nikamwambia kiapo cha hasira hakina kafara. Akaniambia nikachape barua zangu za kuomba kazi. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulinikera, na ningempenda hata kama ungekuwa mara mbili yake.

Ila alikuwa anasoma. Umeme ukikatika, mashine zikinyamaza, alisoma kwa sauti pale dukani mashairi anayoyanoa, na lile la mwoka mikate zaidi ya yote, kwa sababu hakuwahi kuridhika nalo. Linaanza "Ya farran, ya farran," yaani ewe mwoka mikate, naye akivuta hiyo ya mwisho. Alinieleza mara moja linahusu nini. Wakati wa vita vyao, mwoka mikate wa mtaani kwao aliendelea kumwekea kila jirani mikate yake pembeni, hata jirani aliyekwisha kufa, na jioni akawa anagombana na marehemu kwa nini hawaji kuchukua. Ndiyo yote. Nilidhani maneno mazito namna ile yanahusu malaika.

Mimi nimesoma madrasa utotoni, kwa fimbo. Sisi tulifundishwa kushika kwanza, kuelewa kutakuja kwenyewe, na kwa wengi wetu hakukuja. Kwa hiyo masikio yangu yana tabia yake. Bila kukusudia nikawa nalishika. Siku moja akasita katikati kutafuta neno, nami huku nafuta meza nikamalizia. Aligeuka kama aliyeona paka anasema.

"Unajua maana yake?"

"Hata."

"Kasuku!" akapiga meza. "Nchi nzima ya makasuku!" Lakini tangu siku hiyo akawa anataka nilisome, yeye anasikiliza. Kuna mahali nilikuwa nakosea kila mara, nairefusha herufi isiyorefushwa, naye kila mara anapiga meza, "Kasuku!" Ukawa mchezo wetu.

Ikaja masika ile. Mshairi akalazwa kwa ajili ya kupasuliwa ngiri, akakaa kule kwa sababu kidonda kilikataa kufunga. Mvua zikapiga, bati la chumba chake likaachia msumari, maji yakaingia hadi chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba alipofungua mlango ili akaushe, akakuta boksi limelowa, limepasuka, karatasi zimetapakaa sakafuni kwenye matope, na juu yake kuku walioingilia dirishani wamepita. Mnaelewa alichokiona yeye? Hakuona mashairi. Aliona herufi za Mtume zimekanyagwa na kuku nyumbani mwake.

Alilia, alinisimulia mwenyewe. Akamwita mwalimu wa madrasa ya mtaa, mtu mpole, hana kosa na mtu. Mwalimu akainua karatasi moja, akasoma, akaona jina la Mola. Akainua nyingine, akaliona tena. Watu wa Lebanoni, Mshairi aliwahi kunichekesha, hawawezi hata kukutukana bila kumtaja Mungu. Mwalimu akasema karatasi zimeharibika, hazisomeki sawasawa, na kitu kama hiki njia yake ni kukisitiri. Basi wakaziokota zote, hata kipande cha ukubwa wa ukucha hawakuacha. Wakazipangusa matope. Wakazifunga kwenye kitambaa cheupe kipya na jiwe ndani, wakafukiza ubani, wakakodi boti ya mashine, wakaenda mpaka maji mazito, wakazishusha taratibu huku wanasoma. Kwa heshima ambayo hakuna kitabu chochote cha mshairi yeyote kimewahi kufanyiwa duniani. Na mimi nipo Chikongola natoa kopi za vyeti vya watu, sina habari.

Nilikuwapo aliporudi. Mimi ndiye niliyemtoa hospitali kwa bajaji. Mama mwenye nyumba alikuwa amepaka chumba chokaa, ametandika shuka mpya, amepika wali wa nazi. Mshairi akainama kwa shida, mkono mmoja kwenye kidonda, akapapasa chini ya kitanda. Akapapasa tena.

"Ziko wapi?"

"Tumezisitiri, baba," mama akasema, anang'aa uso kwa furaha ya kutoa habari njema. "Zote. Usiwe na wasiwasi, hazikanyagwi tena na mtu."

Mimi nilielewa kabla yake. Nilitamani ardhi inimeze. Alimwomba mama arudie, mama akarudia, pole pole, na boti na ubani na kila kitu. Alikaa kitandani. Akauliza jambo moja tu, kama mwalimu alizisoma kwanza. Mama akasema ndiyo, baba, alisoma, akaona jina la Mola mara nyingi sana.

Nilikwenda kwa huyo mwalimu nikiwa nimevua adabu yote. "Ulisoma?" nikamuuliza.

"Nilisoma, dada."

"Ulielewa?"

"Dada, mimi nasoma."

"Nimekuuliza ulielewa!"

Alianza kulia, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wanafunzi. Nikaondoka. Nitamlaumu kwa lipi? Mimi mwenyewe shairi la mkate ninalo kichwani zima zima, na ningepewa zile karatasi kwenye matope bila kumjua mwenyewe, nami ningezibusu.

Baada ya hapo Mshairi hakuja tena dukani. Nilikuwa namfuata Ufukoni, namkuta kakaa kwenye kiti cha plastiki, katazama maji, na maji yamekaa tu pale. Nilimwambia, Mzee, andika upya, una kichwa. Akasema anakumbuka miisho, mianzo imeondoka. Nikamwambia niache nikusaidie. Akasema, "Usiniambie pole, usiniambie Mungu anajua, nenda." Nikaenda. Haikupita muda mrefu kiharusi kikamwangusha pale pale kwenye kiti.

Nitasema hili sasa, kabla ya siku ile ya mwisho, maana nikiifikia sitaweza kurudi nyuma. Baada ya mazishi nilijirekodi kwenye simu, nikalisoma lile la mwoka mikate lote, nikampelekea binti yake. Akawasikilizisha wazee wa kwao walioko huko. Majibu yakaja: wanasikia mkate, wanasikia mlango, wanasikia jirani, mengine ni kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Akanishukuru sana. Akaniuliza kama baba yake alikuwa na furaha huku. Nilikaa na hiyo simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikamwambia alipenda ming'oko.

Siku yenyewe basi. Wodi ya wanaume, saa ya kuona wagonjwa. Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umelala, mdomo umekwenda upande, maneno yameondoka yote, Kiarabu, Kifaransa, Kiswahili cha Newala, vyote. Kitanda cha pili alikuwapo babu mmoja wa Msimbati mwenye mguu uliofungwa plasta. Na kwenye stuli, kikombe cha uji mkononi, mama mwenye nyumba. Alikuwa akija kila siku tangu alipoanguka, anamlisha, anampangusa. Alikuwa amekwisha kuelezwa zile karatasi zilikuwa nini. Alikonda mama yule, nguo zilikuwa zinamvaa. Mshairi alipokea uji wake. Kama alikuwa amemsamehe au alikuwa hana tena mdomo wa kumfukuza, sijui.

Nikakaa. Nikamwambia habari za mjini, umeme umekatika tena, mashine ya rangi imekufa. Macho yake yalikuwa juu ya dari. Nikaona naongea na ukuta, na roho ikaniuma, ikaniuma kweli, nikasema nitafanya nini mimi mtu huyu anisikie? Ulimi ukaanza wenyewe. "Ya farran, ya farran." Nikavuta ile ya mwisho kama alivyokuwa anavuta.

Macho yakashuka kutoka darini. Yakanijia.

Nikaendelea. Watu waliokuja na vyakula wakashusha sauti, muuguzi akasimama mlangoni. Nikafika pale mahali ninapokosea. Nikakosea. Na hapo nikanyamaza, nikamsubiri. Kaka zangu, dada zangu, nilimsubiri apige kitanda kwa mkono ule mzima, aniite kasuku, hata akunje uso tu. Nilikuwa tayari kutoa chochote kwa kofi moja la meza. Alinitazama kwa upole, kama mtoto anayesimuliwa. Hakusahihisha. Nikalimaliza shairi mpaka mwisho wake, na kosa likabaki ndani.

"Amin," akasema babu wa Msimbati kutoka kitanda cha pili, mikono yote miwili juu. "Amin, mama, amin."

Niligeuka nimwambie si dua, babu, hili ni shairi, linahusu mkate. Mwenyewe yupo hapa. Kabla sijafungua kinywa, nikaona mkono wa kushoto wa Mshairi unatambaa juu ya shuka, unageuka, kiganja kinatazama juu. Mdomo ukahangaika. Ukatafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Kisha neno likatoka, limepinda lakini kamili, la kwanza tangu alipoanguka.

"Amin."

Mpaka leo sijui. Huenda alilitambua shairi lake, akaona limekwisha kuwa letu, akatuachia. Huenda alikuwa mgonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote, kasikia Kiarabu kinasomwa vizuri na mtu asiyekielewa, akaitikia. Nimeligeuza hili huku na huku kila siku ya Mungu, na kila upande unaniumiza.

Mama mwenye nyumba aliweka kikombe chini. Akampangusa mdomo kwa pembe ya khanga, akanitazama, machozi yanamtoka, uso wake umepata nuru kidogo kwa mara ya kwanza tangu ile masika.

"Umemsomea vizuri, mwanangu," akasema. "Msomee tena."

Nikamsomea tena.